Kukunja Shuka

Mwezi wa sita hoteli yetu hulala.
Viti vya bwawani vimepandiana kama kaa,
wageni wamerudi kwao Bergamo na Torino,
na mvua inaosha barabara ya Casuarina
bila kulipwa saa za ziada.
Sisi wa dobi na bustani tumebaki tisa,
nusu siku, nusu mshahara.

Ndipo Sidi wa burudani, miaka ishirini na minne,
magoti yasiyojua bei ya dawa ya kuchua,
akasema: "Njooni ukumbini saa kumi.
Nitawafunza swingi, nitawafunza rokenroli.
Msimu ukifunguka wageni watataka wa kucheza nao,
na bahashishi haikosi."
Hilo la bahashishi ndilo lililotuinua.

Pembeni, pembeni, nyuma-rudi.
Pembeni, pembeni, nyuma-rudi.
Maneno ya mtoto wa chekechea,
na mguu wangu wa kushoto ukakataa
kama punda aliyeonyeshwa ngazi.
Mimi mzaliwa wa Ganda. Ngoma niliyokulia
bega ndilo hunena, mguu huitikia,
kila mtu na mwili wake, hakuna kushikana.
Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga.
Na mcheza kwa wenyewe je?
Hukanyaga vidole vya watu.

Vidole vilikuwa vya Dama.

"Unaniburuta," akasema. "Mimi si gunia la chokaa."
"Usimsukume," akasema Sidi. "Mwambie."
"Nimwambie nini?"
"Kwa mkono. Mwambie kwa mkono."
Nikautazama mkono wangu, uliobabuka kwa pasi,
mkono ambao haujawahi kusema lolote
ila kuomba radhi.

Siku ya pili, vilevile.
Siku ya tatu Karisa wa bustani alituaga, akisingizia goti.
Siku ya nne Sidi akazima muziki.
"Nyinyi wawili, asubuhi hufanya nini?"
"Hukunja shuka."
"Haya, kunjeni."
"Shuka iko wapi?"
"Nimesema kunjeni."

Tukasimama, mimi huku, yeye kule,
tukashika pembe za hewa.
Tukavuta, kiasi cha kunyoosha kitambaa,
si kiasi cha kumwangusha mtu.
Nikamwendea, akanijia,
kucha zikagusana, nikampa pembe zangu,
nikarudi nyuma kuokota mkunjo wa chini,
naye akaningoja kwa uzito uleule.

Miaka kumi na mmoja, shuka mia kwa siku,
na hakuna aliyehesabu hatua.
Vuto lake nalijua kama komeo la nyumbani:
Jumatatu ni zito, siku ya mshahara ni jepesi,
na wiki ile aliyomzika mamake
shuka zilinijia zimelegea katikati,
nami nikavuta kidogo zaidi upande wangu,
sikusema kitu.

Kumbe nilisema.

Sidi akaurudisha muziki, chini chini:
tarumbeta, na besi inayotembea
kama mtu aliyechelewa na asiyejali.
Pembeni, pembeni, nyuma-rudi.
Nikainua mkono wa kushoto
tunavyoinua ile shuka pana ya chumba cha maharusi
isiguse sakafu,
na Dama akapita chini yake,
akatokea ng'ambo anacheka, pengo lake nje.

Sitadai tulicheza vizuri.
Tulicheza nusu ya wimbo.
Nusu ya pili nilimkanyaga.

Jumamosi zikaja shuka za kweli,
zilizotolewa stoo zisiote ukungu.
Mimi huku, yeye kule, pembe kwa pembe.
Nikamwendea, na kwenye mkunjo wa tatu
Dama, bila neno, akazunguka.
Shuka ikajisokota kama kamba ya kisima,
meneja kachungulia dirishani, kaenda zake,
ikabidi tuipige pasi upya.

Nami, kwa mkono tu, nikamwuliza
zimebaki ngapi.